Faili ya Kuhaririwa au Faili Iliyofungwa? Namna ya Kuchagua Unapotuma Nyaraka

Katika mji mdogo wa Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, kama ilivyo katika miji mingi iliyopo kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza, sehemu kubwa ya kazi za ofisi sasa hupita kwenye simu ya mkononi. Muhtasari wa kikao huandikwa kwenye kompyuta ya steshenari, hutumwa kwa WhatsApp kwa Mwenyekiti wa Kijiji, hupelekwa kwa Mtendaji wa Kata, na hatimaye hufika Halmashauri ukiwa umepita katika mikono minne au mitano. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: waraka uliofika ndio uleule ulioondoka?

Jibu hutegemea kwa kiasi kikubwa aina ya faili iliyotumika. Zipo faili zilizotengenezwa ili ziendelee kuandikwa, kama zile za Word na Excel, na zipo zilizotengenezwa ili zisomwe na kuchapishwa zikiwa na sura ileile popote zinapofunguliwa, na maarufu zaidi kati ya hizo ni PDF. Kila moja ina mahali pake. Matatizo huanza pale rasimu inapotumwa ikiwa imefungwa kiasi kwamba hakuna awezaye kuirekebisha, au uamuzi uliokwisha kupitishwa unapotumwa ukiwa wazi kiasi kwamba yeyote anaweza kuugusa.

Mfano wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini hiyo huthibitishwa na muhtasari. Iwapo wanakijiji wameridhia ekari 20 zitengwe kwa ajili ya ghala la mpunga, na muhtasari huo ukatumwa kama faili ya Word kwa watu watano, sifuri moja tu inayoongezwa hugeuza ekari 20 kuwa 200. Hakuna alama ya ufutio wala wino wa rangi tofauti. Kwenye karatasi, aliyeghushi angeacha dalili. Kwenye faili ya Word iliyohifadhiwa upya, maandishi mapya na ya zamani hufanana kabisa kwa macho.

Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Mara nyingi faili yenyewe ndiyo hujibadilisha. Barua nyingi huandaliwa kwa tarehe inayojiandika yenyewe. Mwandishi huiweka mara moja kwa kubonyeza kitufe, kisha kila inapofunguliwa huweza kuandika tarehe ya siku hiyo. Barua iliyoandikwa Machi ikifunguliwa Julai inaweza kusomeka kuwa ya Julai, na mlalamikaji akaonekana amechelewa kukata rufaa. Vivyo hivyo kwa namba za maazimio. Zinapowekwa kwa mfumo wa kujihesabu, mtu akifuta aya moja kwa bahati mbaya, Azimio la 7 hugeuka kuwa la 6, na barua zote zilizokwisha kulinukuu hubaki zikielekeza pasipo mahali pake.

Lahajedwali za Excel zina tatizo lao ambalo maafisa wengi wanaoandaa orodha za wanufaika wamekutana nalo. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, kwa kuwa programu huiona kuwa ni hesabu. Baya zaidi ni Namba ya Kitambulisho cha Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 za kwanza tu za namba yoyote. Tano za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri bila onyo. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuonekana kuwa na namba ileile. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuichagua safu husika iwe ya maandishi kabla ya kuanza kujaza, lakini ni lazima ifanyike mapema. Baada ya faili kuhifadhiwa, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Ni kwa sababu hizo waraka uliokamilika hutumwa ukiwa PDF. Muundo huu ulitangazwa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, katika kipindi ambacho waraka ulioandaliwa kwenye kompyuta moja ulikuwa ukifika kwenye nyingine ukiwa umevurugika. Ubunifu wake ni kuacha kuhifadhi maagizo ya kuandika na badala yake kuhifadhi picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa: herufi hii ikae hapa, mstari huu upite pale. Faili hubeba ndani yake hata fonti zilizotumika. Mwaka 2008 muundo huo ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na tangu hapo hauhitaji programu ya kampuni moja ili usomeke.

Word hufanya kinyume. Huhifadhi maneno na maelekezo ya jumla, kisha kila kompyuta hupanga ukurasa kwa fonti ilizonazo. Mwombaji wa kazi aliyepanga wasifu wake ukatosha kurasa mbili kwenye kompyuta yake anaweza kukuta simu ya mpokeaji, isiyo na fonti ile, imeuonyesha kwa kurasa tatu, majedwali yamekatika na jina la mdhamini limebaki peke yake ukurasa wa mwisho. Mpokeaji hajui kwamba kosa ni la fonti. Huona uzembe.

Kwa waombaji wa ajira jambo hili lina athari za moja kwa moja. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huelekeza maombi yawasilishwe kupitia mfumo wa Ajira Portal, yakiwa na barua iliyosainiwa pamoja na vyeti vya taaluma. Barua iliyosainiwa haiwezi kubaki Word: ni lazima ichapishwe, isainiwe, kisha ipigwe skani. Wapo wanaopiga picha ya kawaida ya barua hiyo ikiwa juu ya meza, yenye kivuli cha mkono na kona iliyokunjamana, wakaiambatisha hivyo hivyo. Programu za kuskani zilizomo kwenye simu nyingi hunyoosha ukurasa, huondoa kivuli na kutoa PDF iliyo nyepesi. Aidha, hati inayotumwa kwa WhatsApp itumwe kupitia sehemu ya hati, si sehemu ya picha, kwa kuwa picha hubanwa na herufi ndogo za cheti zikafifia.

Pamoja na sifa hizo, kuna dhana inayohitaji kusahihishwa. PDF imefungwa kwa maana ya kutobadilika yenyewe, si kwa maana ya kutobadilishika. Zipo programu nyingi, nyingine za bure, zinazoweza kufuta sentensi ndani ya PDF na kuandika nyingine. Neno la siri la kuzuia uhariri huvunjwa kwa urahisi na aliyeazimia. Ndiyo maana barua za kughushi zinazosambazwa mitandaoni, zenye nembo ya Taifa, muhuri na saini, nyingi huja zikiwa PDF au picha. Sura ya waraka haithibitishi asili yake.

Wakazi wa nyanda hizi wana historia ya karibu inayolieleza hili vizuri. Tabora, iliyojulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na maziwa makuu, na mwaka 1858 mpelelezi John Speke aliondokea hapo kuelekea kaskazini hadi Ziwa Victoria. Barua za wafanyabiashara zilisafiri pamoja na pembe na nguo, zikiwa mikononi mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Henry Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, aliukuta mfuko wa barua za David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umekwama njiani. Ulimfikia mwenyewe Ujiji mnamo Novemba 1871, mwaka mzima baadaye. Barua kufungwa hakukuuharakisha mfuko huo hata kidogo, na hakukumzuia yeyote mwenye kisu. Lakiri juu ya barua ilikuwa na kazi nyingine: kumwonyesha mpokeaji kama kuna mkono uliotangulia kuifungua.

Lakiri ya zama hizi ni saini ya kidijitali, na si vyema kuichanganya na picha ya saini iliyobandikwa chini ya barua. Picha ya saini hunakiliwa na mtu yeyote baada ya sekunde chache. Saini ya kidijitali hufanya kazi kwa hesabu: kompyuta hukokotoa alama ya pekee kutokana na maudhui yote ya faili, kisha alama hiyo hufungwa kwa ufunguo alionao mtia saini peke yake. Nukta moja ikibadilishwa, alama hailingani tena na programu ya kusomea huonya. Ofisi nyingi za ngazi ya kijiji na kata bado hazina huduma hiyo, na mwananchi asitarajie kuiona kwenye kila barua.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu na saini za kielektroniki. Katika kupima uzito wa ushahidi wa aina hiyo, sheria inaielekeza mahakama kutazama uaminifu wa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa, namna uhalisi wake ulivyolindwa, na namna aliyeiandaa alivyotambuliwa. Hayo ni maswali matatu mazito kwa muhtasari uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukiwa Word. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inaitaja kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa ni kosa la jinai. Kubadili takwimu ndani ya faili ili ionekane halisi kunaangukia humo.

Kwa hiyo mwananchi anayepokea tangazo lenye kuhusu fedha au haki yake afuate chanzo kabla ya kuangalia aina ya faili. Tovuti za Serikali hutumia kikoa cha .go.tz. Tangazo la ajira, mkopo au mgawo wa viwanja lililofika kwa kupitishwa kutoka kundi moja hadi jingine litafutwe kwenye tovuti ya taasisi husika, na lisipoonekana huko, iulizwe ofisi. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa Namba ya Kumbukumbu ya Malipo. Barua inayoelekeza fedha zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi haihitaji uchunguzi wa kitaalamu.

Upande wa pili wa suala hili husahauliwa. Zipo nyaraka ambazo kuzituma kwa PDF ni kumzuia mpokeaji kufanya kazi. Rasimu ya sheria ndogo inayotafutiwa maoni ya wadau, makadirio ya ujenzi wa darasa ambayo kamati inapaswa kuyapitia, fomu inayotakiwa kujazwa, orodha ya wakulima ambayo chama cha msingi cha ushirika kinapaswa kuisahihisha: hizo zitumwe zikiwa za kuhaririwa. Mjumbe anayepewa rasimu ya PDF huishia kuandika maoni yake pembeni, kwenye ujumbe mrefu wa simu usioonyesha aya inayohusika, na katibu hulazimika kubahatisha. Word ina sehemu ya kufuatilia mabadiliko inayoonyesha nani kafuta nini na lini. Ikiwashwa kabla rasimu haijatumwa, ubishi mwingi huisha. Jina la faili nalo lisaidie: “Rasimu ya pili, 14 Mei” hueleza zaidi kuliko “MWISHO KABISA MPYA”, jina ambalo halikosekani katika kompyuta za ofisi nyingi.

Takwimu pia hustahili kutolewa zikiwa hai. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na mgawanyo wake kwa mikoa, wilaya na kata ni hazina kwa mpangaji wa huduma. Diwani anayetaka kulinganisha idadi ya watoto na idadi ya madawati katika kata tano hunufaika na jedwali analoweza kulijumlisha na kulipanga. Akipewa jedwali hilo kwenye PDF, atalazimika kuinakili tarakimu moja baada ya nyingine, na katika kunakili ndipo makosa huzaliwa. Njia inayofaa ni kutoa vyote viwili, PDF kwa ajili ya rejea na lahajedwali kwa ajili ya kazi, huku ikielezwa wazi kwamba pakitokea tofauti PDF ndiyo inayosimama.

Tahadhari kubwa zaidi katika faili za kuhaririwa ni kile kisichoonekana. Faili ya Word hubeba jina la aliyeiandaa, wakati mwingine na maoni yaliyofichwa na aya zilizofutwa lakini hazijaondolewa. Mwaka 2003 Serikali ya Uingereza iliweka kwenye tovuti yake hati kuhusu Iraki ikiwa katika muundo wa Word, na wasomaji wakachimbua humo majina ya watumishi walioihariri. Lahajedwali huweza kuficha zaidi. Agosti 2023, Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la kawaida la taarifa kwa kutuma faili ya Excel. Ndani yake kulikuwa na ukurasa uliofichwa wenye majina ya ukoo na vituo vya kazi vya watumishi wapatao 9,500. Katika nchi ambako askari huwindwa, hilo lilikuwa suala la uhai. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko iliwatoza faini ya pauni 750,000.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume inayoisimamia. Mtendaji anayetuma orodha ya kaya kwa kundi la watu ajiulize kwanza kama wote wanahitaji kuona namba za simu na za vitambulisho. Kuificha safu hakutoshi. Safu isiyohitajika ifutwe katika nakala ya kutumwa, kisha nakala hiyo ndiyo igeuzwe kuwa PDF.

Kugeuza kuwa PDF nako kuna mtego wake. Wapo wanaofunika jina kwa mstatili mweusi ndani ya Word wakadhani wamelifuta. Mstatili hukaa juu ya maandishi, na maandishi hubaki chini yake. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti kuhusu kuuawa kwa Nicola Calipari, afisa wa usalama wa Italia aliyepigwa risasi mjini Baghdad. Sehemu za siri zilikuwa zimefunikwa kwa weusi, lakini wasomaji waliyanakili maandishi hayo na kuyabandika kwenye ukurasa mwingine, yakasomeka yote. Anayetaka kuficha jina alifute, aandike “jina limehifadhiwa”, ndipo atengeneze PDF.

Lipo pia kundi la wananchi ambalo huathirika bila wengine kujua. Mtu asiyeona hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo husoma vizuri faili ya Word, na husoma PDF iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwenye Word. Haisomi PDF ya skani, kwa sababu skani ni picha ya karatasi na ndani yake hamna hata herufi moja. Tangazo lililochapishwa, likagongwa muhuri na kuskaniwa ndipo likawekwa mtandaoni, kwake ni ukurasa mtupu. Hata anayeona hawezi kutafuta neno “Bukene” katika orodha ya kurasa 80 iliyo picha. Atazipitia zote kwa jicho. Panapohitajika muhuri, ofisi inaweza kuweka nakala mbili, ile yenye muhuri na ile yenye maandishi yanayosomeka.

Kwa nyaraka zinazopaswa kudumu, kama hati za mipaka ya vijiji na mihtasari ya ardhi, kuna aina maalumu ya PDF iitwayo PDF/A, iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005. Aina hiyo hulazimisha fonti zote ziwemo ndani ya faili na hukataa neno la siri na viungo vinavyotegemea kitu kilicho nje, ili hati ifunguke miaka mingi baadaye hata kama programu iliyoiandaa haipo tena. Word yenyewe huweza kuitoa. Katika hatua ya kuhifadhi kama PDF kuna kisanduku cha kuweka alama. Nakala ngumu iliyosainiwa bado inatakiwa kubaki kwenye jalada la kijiji.

Faili ya awali nayo isitupwe baada ya PDF kupatikana. Programu za kurudisha PDF kuwa Word zipo, lakini huvunja majedwali na mara nyingi hukosea herufi, hasa pale chanzo kilipokuwa skani. Katibu anayehitaji kuandaa muhtasari wa robo inayofuata kwa mpangilio uleule ataokoa nusu siku akiwa na Word yake.

Na kwa wale wasio na kompyuta, ambao ndio wengi, kazi huishia kwenye meza ya steshenari. Mteja anayemaliza kuchapiwa aombe apewe faili zote mbili, Word na PDF, azifungue kwenye simu yake akiwa bado dukani ili ahakiki jina, tarehe na namba, kisha aombe nakala zilizobaki zifutwe: kwenye kompyuta, kwenye kapu la takataka la kompyuta hiyo, na kwenye mazungumzo ya WhatsApp ambako alizituma alipofika.